Nepi Zilizogoma Kutakata

Masanja,

Wewe ni mtoto wa namna gani? Mkeo amejifungua mwezi umepita, hujaja Bariadi hata kuchungulia. Ng'ombe wa Mwanhuzi ndio wamekuoa? Haya, nakuamkia kwa Kisukuma chetu: mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Itikia, hata kama umenuna. Mmeamkaje huko? Malisho yapo, au mnatazama vumbi tu? Mimi kiuno kinaniuma kwa kulala sakafuni, ila mzima.

Nimeamua barua kwa sababu kwenye simu nikitaja tu jina la mkeo Kabula, unakata. Anayeniandikia ni binti anayeuguza mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nimemwambia asilainishe neno langu hata moja.

Binti yako yuko wodini, leo siku ya tano.

Siku ya tatu baada ya kuzaliwa macho yake yaligeuka njano. Nikasema ni mambo ya vichanga, jua litaitoa. Kila asubuhi nikawa namlaza uani kwa dada yako, juu ya kanga, jua la kwanza limpate. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Njano ipo palepale. Na nepi zake zikawa na madoa kama zimelowekwa kwenye binzari, sabuni haifui dafu. Nikamvaa Kabula.

"Kwenu hawakukufundisha kufua?"

"Mama, hiyo nimefua mara mbili. Ni mkojo wake huo."

"Mkojo wa kichanga una rangi tangu lini?"

"Ndiyo na mimi nashangaa, mama."

Mimi sikushangaa. Nilikasirika. Nikasema basi ni maziwa yake, yameoza. Ndiyo hayo niliyokuambia kwenye simu, na wewe ukasema asikanyage boma lako mpaka wazazi wake waje wajieleze. Siku nne nilimnyima mtoto ziwa, nikamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Kabula alikuwa anakamua ya kwake chini, nyuma ya choo, analia. Nilimwona. Nikarudi kwenye kijiko changu.

Mtoto akachemka mwili, akatapika, mwisho hata kulia akaacha. Kabula hakuniomba ruhusa. Alimnyakua, akapanda bodaboda kwenda hospitali. Mimi nilimfuata kwa miguu, njia nzima namtukana.

Nesi alitupokea kwa ukali. "Bibi, wiki ya tano mtoto njano, mlikuwa mnamwanika kama mpunga? Zikipita wiki mbili ni kuja hapa!" Akataka kuona nepi. Nikaona aibu, nikamtolea ile yenye madoa, nikasema, "Utusamehe, mkwe wangu hajui kufua."

Akaigeuzageuza. "Hii haikuwa ya kufua, bibi. Ilikuwa ya kuleta."

Wakapima mkojo, wakakuta umejaa wadudu. Ugonjwa umeingia njia ya mkojo, ukapanda mpaka kwenye damu, ini likalemewa, ndiyo maana njano haikutoka. Maziwa ya Kabula hayana kosa lolote. Walimrudishia ziwa palepale. Alinyonya, lakini kivivu, kama mtu aliyesahau.

Sasa anachomwa sindano asubuhi na jioni, kwenye mshipa wa mkono mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Jana homa ilishuka. Leo imerudi. Macho bado njano. Daktari anataka figo zipigwe picha, labda twende Mwanza. Nikamuuliza, "Atapona?" Akasema, "Tunaendelea na dawa, bibi." Mimi ni mtu mzima, Masanja. Najua hilo si jibu la ndiyo.

Kabula hajanitolea neno baya. Ugali wake ananimegea nusu. Wewe hakuulizii tena.

Msalimie baba yako mdogo, mwambie ng'ombe awachunge yeye. Msalimie na jirani yetu aliyeniazima chungu, akitafute nyumbani kwangu nyuma ya mlango. Aliyesema maneno haya ni mama yako, na yale ya kwenye simu niliyasema mimi pia.

Ukifika utanikuta sakafuni, karibu na mlango wa wodi. Najua nimekulea uniamkie mimi kwanza popote tulipo. Safari hii usiniamkie. Nipite. Nenda kitanda cha dirishani, umwamkie Kabula, umwambie mama alikosea na wewe ukamfuata. Akishakuitikia, ndipo urudi kwangu.