Bastola Iliyokwama Njia ya Kinango

Kaka Bakari,

Shikamoo, na rehema za Mola zikufikie hapo Waa wewe na nyumba nzima. Mgongo wa mama waendeleaje? Na wifi Mwanahamisi, ile homa imemwachia? Miye ni mzima, alhamdulillahi, ingawa jua la huku Arabuni limeniunguza hata nikijiangalia kwenye kioo nataka kujipigia hodi.

Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu sauti ya simu hapo kwetu husikizwa na ukumbi mzima, na haya ni yako peke yako. Barua amekuja nayo dada mmoja wa Msambweni ninayefanya naye kazi, amepewa likizo.

Wajua nilivyofika huku niliambiwa nakuja kupika, nikaishia kwenye klabu ya kulenga shabaha. Matajiri wanapiga risasi zao, wakichoka sisi twapokea silaha, twazipangusa na kuzitia mafuta. Mama bado adhani niko jikoni, tafadhali mwache adhani hivyo. Ndiyo sababu ukaniuliza mimi: "Riziki, wewe washinda nazo. Niambie ipi haikwami, rivolva au hizi za magazini? Yangu imenisaliti."

Kaka, ile sauti uliyonitumia kwa simu nimeisikiliza hadi nimeikariri. Umetoka Mackinnon Road na mbuzi kwenye pikapu, umeshika njia ya Kinango, vumbi tupu. Bodaboda inakuandama, inapiga honi, inawasha taa mchana. Nawe hujasahau siku majambazi walipokuvamia njia hiyohiyo wakakupiga wakakuacha mtaroni, na sikulaumu kwa kutosahau. Pikipiki ikakupita, ikakuzibia njia, mtu mwenye helmeti akashuka akaja dirishani. Ukatoa bastola, ukamlenga kifuani, ukavuta triga. Kimya. Ukavuta tena. Kimya. Yule mtu akajirusha vichakani akilia, "Kaka Bakari, ni miye! Ni Salim! Nakuletea mbuzi wako!"

Salim wa Bi Mwanaisha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mlango wa nyuma wa pikapu ulikuwa umefunguka, mbuzi mmoja kaanguka, naye Salim kamfunga kwenye kiti cha pikipiki akukimbize akurudishie. Ukayasimulia hayo yote kwa pumzi moja, halafu ukarudi palepale: ipi haikwami?

Haya, nimemuuliza fundi wetu. Ni Mnepali, mtu wa maneno machache, ila akishika silaha huwa kama mganga na mgonjwa wake. Akauliza waitia mafuta gani. Nikaona haya kumjibu, lakini nikamwambia kweli: mafuta ya nazi, kutoka chupa ya mama. Kwetu panga hutiwa nazi, kufuli nazi, bawaba nazi, kichwa cha mtoto nazi, sasa bastola ibaguliwe kwa lipi? Fundi alicheka hata akaketi chini. Miye sikucheka, nilikumbuka cherehani ya mama inavyoganda kila kipupwe, sindano ikataa kushuka mpaka tuioshe kwa mafuta ya taa.

Akanieleza, nami nakueleza kama alivyosema. Hiyo yako ya magazini, yenye kasha la risasi ndani ya mpini, ina chuma cha juu ambacho lazima kirudi nyuma na kije mbele hadi mwisho wake. Mafuta ya nazi hukaa yakawa gundi, vumbi la Kinango likashika humo, chuma kikaja mbele kikaishia njiani. Kisipofunga sawasawa, hata ukivuta triga mpaka kesho, haitoi kitu. Ikitunzwa vizuri, kwa mafuta yake yenyewe, na mwenyewe akawa ameizoea, hukwama kwa nadra, na ikikwama aliyefundishwa huifungua upesi akaendelea. Wewe hujafundishwa, kaka. Wewe ulipewa ukaivaa kiunoni.

Rivolva ni mtu mzima mvumilivu. Risasi zimekaa kwenye silinda, kidole chako ndicho kinachoizungusha, na risasi moja ikikataa wavuta tena, inakuja nyingine. Nayo hukwama pia, usidanganywe. Nimeona ya mwanachama mmoja imeganda kabisa, silinda haiendi mbele wala nyuma, ikabidi ipelekwe kwa fundi mezani. Lakini uchafu na uzembe huvumilia zaidi. Nikamuuliza fundi waziwazi: kwa mafuta yaleyale, vumbi lilelile, ile rivolva ya zamani ya kaka yangu ingepiga? Hakusita. "Ingepiga," akasema.

Kaka, neno hilo limeninyima raha. Wakumbuka ile rivolva ulivyoiuza? Yule mfanyabiashara wa Ukunda, mtu wa bara, alikucheka mbele ya wachinjaji: "Mzee, hiyo ni ya enzi ya mkoloni, tafuta kitu ya kisasa." Ukaona aibu, ukafuata njia zote za kibali ukaibadilisha. Wewe wasema ulikosea. Miye kila nikifikiri naona kama ungekataa kuchekwa siku ile, leo Salim angekuwa chini ya mchanga nawe uko gerezani, na mama angebaki na mgongo wake na kuta za kuangalia.

Nasikitika, Bakari. Nasikitika kwamba walikupiga nikiwa mbali, nisiweze hata kukukanda kwa maji moto. Nasikitika kwamba mtu anayepiga honi nyuma yako sasa ni adui mpaka athibitishe vingine. Zamani gari likipita Waa wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuinua mkono. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba katika sauti yote ile umeitaja bastola kuliko ulivyomtaja Salim. Hukusema kama umekwenda kumwomba radhi. Wifi ndiye aliyeniambia kwamba Salim alimwacha mbuzi barazani kwetu bila kubisha hodi, na tangu siku hiyo apitia njia ya nyuma.

Umeniuliza kwa heshima, nami sitakukwepa. Kwa mtu asiye na mazoezi, asiyejua kuitunza, rivolva ndiyo itakayompigia anapotaka. Hilo ndilo jibu la fundi, na ni kweli. Ukiuliza jibu langu mimi mdogo wako, rudisha hiyo uliyo nayo kwa waliokupa kibali, usichukue nyingine, nunua kufuli zuri la mlango wa pikapu, na njia ya Kinango nenda na mwenzako. Najua utakasirika. Kasirika, lakini barua usiichane.

Nisalimie mama, umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie wifi Mwanahamisi, na shangazi Mwanakombo wa Msambweni akija na mikeka yake. Salamu za Bi Mwanaisha sikupi wewe uzifikishe, nimempigia mwenyewe. Aliniuliza kwa upole kama kaka yangu ana ugomvi wowote na mwanawe, kwa sababu Salim amekataa kumwambia lolote. Nenda wewe ukamjibu.

Mdogo wako akupendaye,
Riziki