Ngoma ya Baba Imekuwa Bubu

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na paa halivuji tena. Sasa nisikilize.

Ulipokuja likizo ulisema unaitengeneza ngoma ndogo ya Baba. Kumbe kutengeneza ndiko huko! Umeng'oa ngozi na zile nyaya za chini zinazoiliza, ukawamba wavu, ukatia kihisi kimoja cha umeme katikati na kingine pembeni, na ukingo wa chuma ukauvalisha mpira. Wiki nzima ukajifungia nayo chumbani ukiipiga kwa hedfoni, kisha ukaondoka na kile kikasha cha umeme kinachoitoa sauti. Umetuachia ganda. Siku hizi mkubwa haulizwi?

Unajua Baba akirudi kutoka kazini alikuwa akigonga ule ukingo mara mbili, Mama ajue amefika. Tangu tumzike, Mama hugonga mwenyewe kila jioni. Masikio yake yamechoka, lakini mlio ule bado alikuwa akiusikia. Alipouona mpira wako alifurahi, akasema mwanawe ameipendezesha.

Jumatatu, ulipokwisha kuondoka, akagonga. Kimya. Akagonga tena kwa nguvu, akanigeukia: "Mwanangu, wewe umesikia?"

Ningemwambia kwamba kitinda mimba wake ameichinja ngoma ya mumewe? Nikaitikia kwa kichwa.

Akaweka kijiti chini taratibu. "Basi masikio yangu ndiyo yamekwisha."

Tangu siku hiyo hata nikimwita hageuki. Hajaribu tena kusikia.

Nimekusitiri wewe, nikamfanya Mama kiziwi. Rudi na ile ngozi, uuvue ukingo ule mpira, uiwambe mbele yake, umwambie kwa kinywa chako. Mimi siwezi kumdanganya mara mbili.

Dada yako