Vidole Visivyosomeka

Bweni la Wajenzi,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
9 Novemba, mwaka wa tatu umekatika tangu niondoke.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na lile goti limekubali kupanda kilima cha kisimani. Bibi anaonaje siku hizi? Paa la jikoni bado linavuja? Mimi ni mzima, isipokuwa mikono, na ni hiyo mikono iliyonifanya niandike.

Yule fundi cherehani niliyekueleza habari zake, bado tunataka kuoana. Tulipanga tuje huko mwisho wa mwaka tukiwa mume na mke. Lakini hapa mjini hufungi ndoa bila kibali cha msajili, na kibali hakitoki mpaka mashine isome vidole vyako. Vya mwenzangu ilivisoma papo hapo. Vyangu imevikataa.

Kumbe saruji imevila. Muda wote huu napiga lipu, na zile kona ambazo mwiko hauingii nazimalizia kwa kidole. Alama anazozaliwa nazo mtu zimekwisha. Nimebonyeza dole gumba kwa wino hapo pembeni ujionee. Ni doa tupu, kama mtu amemwaga chai.

Karani ni mama mmoja mpole. Alinipangusa vidole kwa kitambaa chake mwenyewe, akajaribu tena, kisha akasema, "Baba, mashine inasema hapa hakuna mtu." Watu kwenye foleni wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini. Nilirudi nikiwa nimevipaka mafuta, ikakataa. Nikauliza kama naweza kumwona mkubwa wake. Akasema mkubwa naye anaitegemea mashine hiyohiyo. Dawa ni moja, nipumzishe mikono mwezi mzima, ngozi iote upya.

Nikampelekea nyapara maneno hayo. Akasema, "Pumzika tu, ndugu yangu. Ukirudi utamkuta mwenzako juu ya jukwaa lako." Hakusema kwa ubaya. Wanaotafuta kazi wamejaa getini kila asubuhi.

Glavu nimejaribu. Kona zikatoka zimepinda, nikaambiwa nizivue.

Bwenini wananiita Mwizi. Wanasema nikavunje benki, polisi hawatanipata. Nimewazoea. Asiyecheka ni kaka wa mchumba wangu, anayemlea dada yake huyo nyumbani kwake. Alinikalisha kitako akaniambia, "Shemeji, visingizio vya wanaume nimevisikia vya kila aina. Hiki cha vidole ni kipya." Ameapa mwaka ukiisha bila ndoa atamrudisha dada yake kwa wazazi wao, mbali sana, na huko kuna mtu keshamuulizia. Nikamwonyesha mikono. Akaitazama, akasema mafundi wote wana mikono hiyo na wanaoa. Labda walioa kabla ya mashine.

Mchumba wangu anajua si uongo. Jumapili anakuja na kichupa cha mafuta, tunakaa kwenye ngazi za kituo cha basi, anageuza vidole vyangu juani kimoja kimoja kama anayetafuta tundu la sindano. "Hiki kimeanza," husema. Jumatatu nashika mwiko, kinafutika. Majuzi hakuvigeuza. Alipaka tu.

Nimempa kaka yake namba ya simu ya jirani yako wa duka. Akipiga, mwambie sina mke wala mtoto huko, na kwamba tangu utotoni sikuwa mtu wa kukwepa. Sijui kama ataamini. Mimi mwenyewe nikijisikiliza naona ninadanganya.

Nisalimie Bibi, Mjomba Mrefu na mkewe, na binamu kinyozi, mwambie huku nanyolewa vibaya. Mungu akupunguzie maumivu ya goti na akuzidishie usingizi.

Kazi inafungwa wiki ya mwisho ya Desemba. Nitafika huko kabla ya mwaka mpya, peke yangu, na Januari yote nitakaa kwako, jukwaa walichukue. Nimemwomba kaka yake aningoje mpaka Februari. Hajajibu. Nikifika, Shangazi, usinipe jembe, wala shoka, wala ndoo. Nakuja kuotesha vidole.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba wa kaka yako.