Mfungo wa Mama Yetu

Mwisenge, Musoma
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Dorkas,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Machage na watoto, na kwamba magoti yako yamepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo. Faustine anakusalimu sana. Yuko uani anatengeneza baiskeli ambayo haijawahi kutengenezeka, nami nimemwacha aendelee kuamini. Duka linakwenda, si haba.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Lakini wewe simu yangu huipokea sokoni, umeweka spika, na kabla sijamaliza sentensi nasikia amina kutoka kwa muuza nyanya. Haya ninayotaka kukueleza hayafai kuitikiwa na muuza nyanya. Nimempa barua Jofrey, mdogo wake Faustine, anayepeleka dagaa Bunda kesho asubuhi. Isome ukiwa umekaa, nami nitakupigia mchana.

Kilichonifanya nishike kalamu ni habari ya Mama. Uliniambia kwa furaha kwamba tangu tumzike Baba, Mama amebadilika kabisa pale Butiama: hataki tena maongezi ya majirani, chakula anakirudisha kama kilivyoletwa, na mchana kutwa amekaa kando ya kaburi, kimya. Ukasema kanisani wanamwita nguzo ya maombi. Ukasema watoto hufuata wazazi, ila kwetu mzazi ndiye amemfuata mtoto, maana mwombaji wa kwanza wa ukoo huu ni mimi. Nilicheka, kwa kuwa utani wako siuwezi. Nilipokata simu nilianza kutafuta karatasi. Ngoja nikueleze sababu, na kwa mara moja usinikatize.

Unakumbuka mwaka juzi, nilipojifungua yule mtoto wa kike ambaye hakulia. Mlikuja wote, mkanipikia, mkaniambia nisilie sana, Mungu atanipa mwingine. Nikatii. Nilirudi dukani nikauza sukari na sabuni, watu wakasema nina moyo. Kisha taratibu chakula kikawa mchanga mdomoni. Usingizi ukanikimbia. Kulala kitandani sikuweza, kwa sababu kutoka pale naona kona tuliyomwandalia mtoto, hivyo nikawa napiga magoti na kuutazama ukuta hadi Faustine arudi.

Sasa dada, unawajua watu wetu. Mwanamke hali chakula, amepiga magoti, analia bila kupigwa: sisi tunalo jina moja tu la mtu huyo. Mama Dorah, mwenyekiti wa kikundi cha maombi, alinikuta hivyo akarudi kwa kunyata, akawatangazia wenzake kwamba Bhoke yuko kwenye mfungo mzito. Kuanzia hapo hakuna aliyeniletea chakula, wakiogopa kunijaribu. Badala yake wakaniletea shida zao: mwenye mtoto wa mitihani, mwenye mume mlevi, mwenye ng'ombe aliyepotea. Wanainama, wananishika mkono wauweke vichwani mwao. Mchungaji Boniphace akanitaja madhabahuni. Nilikonda mpaka pete ikawa inaanguka yenyewe, na bado walisema uso wangu unang'aa. Sikuwakatalia. Mimi sikuwa na jina la kilichonipata, wao walikuwa nalo, tena zuri.

Aliyenitoa huko ni mama mkwe wangu, Mama Eufrasia wa Bukima, yule unayesema hutoa maneno kama anayanunua. Alitokea siku moja na kapu la samaki aina ya sato, akapika, nami nikasema sili. Mama Dorah alikuwepo, akamweleza kwa heshima zote kwamba mkwewe amefunga. Mama Eufrasia akanawa mikono, akaketi chini karibu nami.

"Mwanangu, mimi nilifungaga sana ujanani, na mpaka leo nafunga," akasema. "Mtu akifunga anajuaga siku ya kufungua. Wewe unafungua lini?"

Nikalia, na safari hii hata Mama Dorah alikitambua kilio kile ni cha nini, akaja kuketi upande wa pili. Mama mkwe akashika tonge, akafumba macho. "Mungu, mimi nimempikia. Wewe mfanye ale." Ndiyo sala nzima. Nikala kidogo, nikatapika, akanisafisha, akanipa tena.

Kesho yake akanipeleka hospitali. Nilidhani watanipima malaria. Daktari aliniuliza ninalalaje, ninakula nini, namlilia nani, na mwisho akaniuliza kama bado ninaweza kusali. Nikamwambia hata Baba Yetu imenishinda, nikifika "utupe leo" nasahau kinachoombwa. Akaniambia ugonjwa huo unaitwa sonona, na kwamba haukamati kichwa peke yake, unakamata mwili na moyo na roho kwa pamoja, kwa hiyo pote patibiwe. Vidonge akanipa, akanipangia kurudi kuzungumza naye, akanikataza kukaa peke yangu. Kanisa hakuniambia niliache. Mchungaji naye nilipomweleza alisema alikuwa ananisifu wakati alipaswa kunitembelea. Siku hizi hatangazi mfungo kabla hajauliza nani anaumwa.

Mliambiwa nimekwenda Bukima kumsaidia mama mkwe. Nilikuwa natibiwa. Asubuhi uji na kidonge, kisha tunashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotua, kuanika dagaa na akina mama wengine. Kazi ile haikupi nafasi ya kukaa na mawazo. Hujamaliza kutandaza, wale wa mwanzo wanataka kugeuzwa, na kunguru anangoja ugeuke. Wengi wao wamezika watoto, wengine waume waliobaki ziwani. Hakuna aliyeniambia nisilie. Bibi mmoja aliniuliza mwanangu nilimpa jina gani, na dada, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, hata wewe. Nikamwambia Rhobi, jina la bibi yetu. Tangu hapo wakaniita Mama Rhobi. Sala ilinirudia palepale, si kwa maneno mazuri, nikimlalamikia Mungu huku nageuza dagaa. Nadhani alinisikia kuliko siku zote.

Sasa kuna moja nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Ile habari unayopenda kuwasimulia watu wa Bunda, kwamba mdogo wako aliamka alfajiri akaenda peke yake ufukweni kuomba kama Bwana alivyofanya, mpaka mumewe akamfuata. Sikwenda kuomba, dada. Nilikwenda nikiwa sina nia ya kurudi. Faustine alivua koti akanifunika, tukarudi nyumbani tumeshikana mikono. Ni yeye aliyewaambia majirani nilikuwa kwenye maombi, maana hakuwa na neno lingine la kuwaambia. Siku hiyohiyo akampigia mama yake, ndipo mama mkwe akaja na lile kapu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unajivunia mimi, na nakupenda, sikutaka kukunyang'anya hilo.

Nilicho nacho sasa ni afya, nawashukuru Mungu na daktari, wote wawili. Lakini ulipokuwa unamsifu Mama, nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Huenda nakosea. Huenda Mama anaomba kweli, na utanitania mpaka tuzeeke, nami nitafurahi kutaniwa. Ila kwa maneno yako mwenyewe hata maji amepunguza. Mama yetu hajafunga, dada. Mama anaumwa, na watu wanampigia makofi.

Kwa hiyo nakuomba ukimaliza kusoma, mwachie shemeji meza yako ya vitenge pale sokoni, upande gari uende Butiama leo hiihii. Usimsifu, wala usimhubirie. Msongee ugali wa mtama anaoupenda, mtafutie maziwa ya mgando. Akikataa kuondoka kaburini, kaa naye palepale, umtaje Baba, umwache alie anavyotaka. Usimwache peke yake hata kidogo. Mimi na Faustine tutawakuta huko, tuje naye Musoma kwa daktari yuleyule, na atakaa kwangu mpaka apone.

Nisalimie shemeji na watoto, waambie mama yao mdogo wa Mwisenge amewakumbuka sana, anawapenda. Kama umekasirika kwamba nilikuficha, una haki. Nigombeze nikifika, nitakaa chini nikusikilize.

Najua unataka kupiga magoti kwanza. Tutayapiga, dada, sisi watatu. Ila Mama ale kwanza.

Mdogo wako akupendaye,
Bhoke