Jina la Mzee Kondo Kwenye Orodha

Kwala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje na mvua za huko Sikonge? Mimi sijambo, homa imeniacha, ila uji wa huku wanautia nazi na tumbo langu bado halijakubali. Kaka Rashidi anayekuja kutoka mjini kukusomea asiruke mistari, namjua.

Nina habari ya kazi, na mkosaji ni mimi. Wilaya imetoa msaada mdogo kwa wazee na vilema wa kijiji: bati kwa wanaovujiwa, vyombo vya kazi kwa wenye ufundi. Mimi, bibi maendeleo, niliambiwa niandike orodha na kila aliyemo atie dole gumba. Jina likishaandikwa halifutwi, na asipotia mmoja, karatasi haipokelewi wilayani Kisarawe na msaada unakwenda kijiji kingine. Na masika yalikuwa mlangoni. Bi Siwatu, mjane asiyeona, kila ikinyesha analala amekaa, kwenye kona moja tu isiyovuja.

Juu ya karatasi nikaandika WASIOJIWEZA, maana ndivyo ofisi isemavyo, nikasimama mkutanoni nikasoma kwa sauti. Jina la tatu lilikuwa la Mzee Kondo, mchonga vinu, aliyekatwa mguu kwa sumu ya nyoka. Wakwe zake walikuwa wamekaa mbele. Akachukua magongo yake, akasema, "Futa jina langu, binti," akaondoka. Mimi nikaona ni kiburi cha uzee tu.

Nilimwendea mara tatu, nimejitanda kanga vizuri, kwa shikamoo ya adabu. Kila mara jibu lilikuwa hilohilo: "Marahaba. Karibu. Karatasi yako iache nje." Bi Siwatu naye kila asubuhi kisimani ananiuliza bati zimefika wapi. Niliona aibu mpaka nikabadilisha saa ya kuteka maji.

Mke wa mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyenizindua. "Wewe si Mnyamwezi? Mzaramo ni mtani wako, nawe unamwendea kama hakimu. Mwendee kama mtani, mwanangu: mtukane, mchukulie chake, hakuna kukasirika."

Mara ya nne sikupiga hodi. Niliingia uani, nikakamata jogoo wake, nikamwambia, "Huyu wangu. Nikimbize basi, mguu mmoja wewe." Mzee akacheka mpaka tezo yake ya kuchongea ikamponyoka mkononi. "Mpagazi mkubwa. Babu zako walileta mizigo pwani, wewe umekuja kuiba kuku." Tukatukanana tukatosheka, ndipo akanipa kigoda.

"Vinu vyote vya hapa nimechonga mimi," akasema. "Tezo mpya naitaka, hii imeisha. Lakini wakwe zangu wamesikia sijiwezi. Wewe ukiniita mguu mmoja, nakutukana, tumemalizana. Karatasi nitaitukanaje?"

Nikamwomba radhi, nikamwomba mwenyekiti aitishe mkutano mwingine. Mbele ya wakwe wale wale nikalikata lile neno, nikaandika alilolitaka mwenyewe: Wanaofanya kazi wamekaa. Bi Siwatu, msuka mikeka, akasema na yeye linamfaa. Wote wakatia dole. Karani wa wilaya alinung'unikia ule mkwaruzo wa wino, lakini alipokea. Bati za Bi Siwatu zimepigiliwa juma lililopita. Jogoo tulimla kwa Mzee Kondo, na shingo nikapewa mimi kwa kunikomoa.

Nisalimie shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba, na umshukuru wifi yangu Tatu, mke wa kaka, kwa kukuchotea maji kila anapokuja.

Na kaka, hapa usiruke. Mwezi juzi nilikuandikia umhamishie mama kwako mjini na shamba lake la karanga wapewe wengine, kwa kuwa hajiwezi tena. Najua ulimsomea na neno hilo, maana tangu siku ile salamu zake hazijanifika.

Mama, niliandika kama ofisi. Shamba ni lako na nyumba ni yako, nami sikukuuliza. Imeniuma sana, na sina cha kukuletea huko ila hii radhi ninayoiomba. Nitukane, mama. Kaka aandike kila neno utakalolisema, halafu umwambie mwenyewe unataka kukaa wapi, na hilo nalo aliandike.

Ni mimi mwanao,
Nyamizi