Kete Saba za Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Mei
Mume wangu amerudi na boksi. Nikadhani viatu vyangu. Mchezo! Ubao wa vijumba, kete saba nyeupe, saba nyeusi, na dado moja. Eti daktari kasema mama yake achangamshe akili. Muuzaji naye kamwambia wafalme wa kale walikuwa wakizikwa na mchezo huu. Mama mkwe akaugeuzageuza ubao, akasema basi ndio uliowaua.

Mama mkwe alikuja kutusalimia tu. Huu mwezi wa tano hajaondoka.

Jumapili, 4 Mei
Sheria nyepesi. Unarusha dado, unasogeza kete mpaka itoke upande wa pili. Ukiikuta ya mwenzako njiani unaila, inaanza upya. Anayetoa zote kwanza kashinda. Mama ameongeza sheria yake: akiliwa yeye, turudie, hakuona vizuri. Mume wangu ndiye refa. Refa gani kazaliwa na mchezaji?

Jumatano, 7 Mei
Nimefungwa tena. Mama huniita "mwanangu" pale tu anapokula kete yangu. Leo nimekuwa mwanawe jioni nzima.

Ila tangu tuanze hajagusia mapishi yangu. Wali umeungua — kaula kimya, macho ubaoni. Na ana hadithi! Kumbe mume wangu aliogopa bata mpaka darasa la sita. Nimecheka hadi machozi. Mwenye bata kanuna, kawasha televisheni.

Ijumaa, 9 Mei
Shemeji amepiga simu. Chumba cha mama kwake kiko tayari. Mume wangu akasema mama aamue mwenyewe. Mama akasema wenye nyumba ndio waamue. Wote wakanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Mwisho mama akasema, "Kesho tucheze. Nikishinda, nabaki. Ukishinda wewe, nakwenda."

Mume wangu akasema ni wazo zuri sana. Mtu mzima, tai shingoni!

Jumamosi, 10 Mei
Refa kajifungia bafuni tangu mchezo uanze. Tumbo, eti.

Mama leo haibi. Nimemla mara tatu, hakudai turudie. Hilo limenitisha kuliko wizi wake. Nimebakiwa na kete moja, naye moja. Nikipata mbili, yangu imetoka.

Kabla sijarusha, kainuka kwenda kutuchemshia chai. Miezi yote hii hajawahi kunichemshia chai. Kaniambia nirushe tu, ataniuliza.

Nimerusha. Mbili.

Si ndicho nilichokuwa nikikiomba? Nikaiona Jumapili ya kesho: mimi, mume wangu, na televisheni.

"Umepata ngapi, mwanangu?" Anauliza kutoka jikoni. Wala hajala kete yangu.

Nimelifunika dado kwa kiganja, naandika kwa mkono mwingine. Bafuni maji yamefungwa ghafla. Refa naye anasikiliza.