Ulimi wa Hajati

Jumamosi, 5 Julai
Wageni sita leo. Soko la Nateete saa tatu asubuhi, kisha roleksi, mayai ndani ya chapati, wameila wamesimama huku wanapiga picha. Mwisho kwa Hajati Zaina, kama kila Jumamosi. Miaka minne sasa wageni wangu wanamalizia ziara kwenye mikeka ya chumba chake cha mbele.
Pilau ilikuwa chumvi tupu. Bwana mmoja alimaliza chupa mbili za maji. Aliponitazama nikamwambia ndivyo watu wa huku wanavyopenda. Uongo.
Hajati hajawahi kukosea chumvi. Labda alichoka.

Jumanne, 8 Julai
Meneja wa kampuni yetu ya utalii amenipigia kwa furaha. Anders anarudi, yule Mdenmaki aliyekula kwa Hajati mwaka jana akaandika mtandaoni kwamba hakuna alichokumbuka Uganda kuliko mchuzi wa mbuzi wa Nateete. Tangu aandike, wageni wanauulizia kabla hata ya kuulizia sokwe. Sasa anamleta mkewe. Amepunguza siku mbili za mbugani ili wale kwa Hajati Jumamosi na Jumapili. Watafika mwisho wa mwezi.
Nilipaswa kufurahi.

Jumatano, 9 Julai
Nimekwenda Nateete peke yangu, bila wageni. Hajati akanikaribisha chai. Maziwa yalikuwa yamechacha, hata harufu ilinifikia kabla ya kikombe. Yeye alikunywa yote, akajipangusa mdomo, akasema, "Ongeza nyingine, Rose."
Nikaongeza. Nikanywa.
Sasa najua. Hasikii ladha. Hasikii harufu. Nimerudi kwangu Kisugu bila kumwambia.

Jumamosi, 12 Julai
Nimefanya jambo la aibu.
Hajati alipoingia kuswali adhuhuri, nikaingia jikoni nikaonja mchuzi. Safari hii chumvi haikuwamo kabisa. Nikatia. Nikakamua ndimu. Nikafunika sufuria, nikarudi kukaa na wageni kama mtu aliyetoka kunawa mikono.
Walisifu sana. Mama mmoja Mjerumani alisema ataongeza siku moja Kampala ili arudi kula. Hajati aliweka mkono kifuani, akacheka hadi machozi. Sijamwona akicheka hivyo tangu homa ile ya Mei iliyomlaza wiki mbili.
Nilikuwa najiona mwizi.

Jumanne, 15 Julai
Najiambia nilifanya kwa kumpenda. Si kweli yote. Bila Hajati ziara yangu ni kutembea tu kwenye vumbi. Nilikuja mji huu kutoka Busia bila mtu, na jiko lake ndilo lililonipa jina. Naogopa kwa ajili yangu pia.
Nimwambie? Mtu unamwambiaje?

Jumamosi, 19 Julai
Amenikuta.
Nilikuwa na kijiko cha chumvi mkononi. Swala ilikuwa fupi leo, au mimi nilichelewa.
"Unaweka nini kwenye sufuria yangu?"
Nikarudisha kijiko kwenye kopo la chumvi.
"Tangu lini?"
"Jumamosi iliyopita, Hajati."
"Ile waliyonisifu?"
Nikaitikia kwa kichwa.
"Banange, jamani! Basi walikusifu wewe."
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliniambia niwapakulie watu wangu, wakishiba niondoke nao. Hakutoka kuwaaga. Wageni waliuliza mama yuko wapi, nikasema anapumzika. Uongo mwingine.

Jumatatu, 21 Julai
Simu yake inaita tu. Nimepiga mara tano.
Meneja amesikia kwamba mwenyeji hakuwaaga wageni. Anasema kuna hoteli Kawempe, vyoo visafi, meza ndefu, kila chakula cha Kiganda kimepangwa, niwapeleke huko Anders na mkewe. Nikasema nitafikiri. Hivi mtu avuke bahari kufuata mchuzi, umpe meza ndefu?
Jana kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Jumatano, 23 Julai
Nimeenda mwenyewe. Alikuwa uani anachambua mchele. Aliniacha nisimame kwanza, halafu akanisogezea kigoda kwa mguu.
"Tangu ile homa ya Mei," akasema. "Naweka mdalasini puani, ni kama kunusa ukuta. Mama yangu alinifundisha kuonja nikiwa na miaka saba. Na mama yake alimfundisha yeye. Sasa mimi ni mpishi gani?"
"Mbona hukuniambia?"
"Wewe mbona hukuniambia?"
Nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliendelea na mchele wake, akatoa vijiwe viwili, akavitupa.
"Walete hao watu wa Denmaki. Lakini utaonja mbele yao, na mimi nitawaambia kwa nini. Sitaki tena mtu wa kunizunguka mgongoni."
Nilimwomba aende kwa daktari. Akasema atakwenda. Nimemwambia Meneja hakuna Kawempe.

Jumamosi, 26 Julai
Anders mrefu kama nilivyomkumbuka. Mkewe, Karin, mpole, anauliza jina la kila kitu.
Hajati aliwaita jikoni. Akawaambia mwenyewe, mimi nikatafsiri: ulimi wangu umekufa, leo naazima wa Rose. Karin akamshika mkono. Nikaonja mbele yao.
"Kimepungua nini?" Hajati akauliza.
"Chumvi kidogo."
"Na ndimu?"
Sikuwa na hakika. Nikasema inatosha.
Walikaa kwenye mkeka. Anders alikula polepole, kisha akaweka kijiko chini. Akaniambia ni mzuri, mzuri sana, lakini si ule. Nilitaka kutafsiri nusu.
"Sema alivyosema," Hajati akaniambia. "Yote."
Nikasema yote. Uso wake haukubadilika.
"Huyu anajua kula," akasema. "Hata mimi nisingeukubali."
Karin, ambaye hakuwahi kuonja ule wa zamani, aliomba sahani ya pili.
Kesho hawarudi. Wameomba waende mbugani siku moja mapema. Mtu anabadili safari kwa ajili ya mchuzi, kisha mchuzi unambadilishia tena. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi, 31 Julai
Nimemsindikiza Hajati kwa daktari. Huenda ladha ikarudi baada ya miezi, huenda isirudi. Hakuna dawa ya uhakika.
Tulipofika kwake akavua viatu, akafunga leso kiunoni, akawasha jiko. Hakuna mgeni leo, ni sisi wawili tu. Nikakata vitunguu, akavimimina kwenye mafuta. Akainamisha kichwa, sikio karibu na sufuria, akisikiliza vitunguu. Mimi nilikuwa natazama rangi. Yeye alikuwa amefumba macho.
"Sasa," akasema.
Nikachungulia. Vilikuwa vimeiva sawasawa. Nikatia nyama.